Blanketi la Mtani

Mgodi wa Mwamihanga,
Kwa njia ya Posta, Geita.
Novemba 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Mabula, Baba Limi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kivulini na moyo wako umetulia, wewe pamoja na mama yetu Mbuke, shemeji, Limi na wadogo zake, na mke wangu Klara na watoto niliowaacha mikononi mwako. Mimi mdogo wako ni mzima. Kifua kinakohoa vumbi la mawe, na asubuhi kiuno kinanigomea mpaka nikishike kwa mikono miwili ndipo nisimame, lakini nasimama, nakula, na jua nimeliona tena. Hilo la jua ndilo lililonifanya nikae chini niandike, mimi niliyeishia darasa la pili na ambaye wewe hunicheka kwa mwandiko wangu wa kuku.

Kabla hujaendelea, kaka, nina maombi mawili. La kwanza, huyo aliyekuletea barua hii ametoka mbali sana. Mpeni maji ya kuoga, mpeni ugali na chochote kilichopo, mpeni kiti, na msimsumbue kwa maswali, hata la jina. La pili, usiisome kwa sauti kama ulivyozoea kumsomea mama. Isome kimoyomoyo mpaka mwisho, utajua mwenyewe la kufanya. Kile kifurushi alichokibeba kiwekeni kando, kisifunguliwe mpaka nitakapokuambia humu humu ndani.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la pamba. Nimesikia habari za mvua na nimesikia habari za ng'ombe. Uliposema amebaki yule mwenye pembe iliyopinda peke yake, nilitoka nje ya nyumba yetu ya kambini nikakaa juu ya jiwe mpaka jua likazama. Mwambie mama asimlilie sana yule ng'ombe mweupe aliyekufa. Na macho yake yakizidi kumsumbua, mpelekeni kwa masista, msingoje nije.

Umeniuliza kama ni kweli wanavyosema huko Tinde, kwamba migodi ya huku inapunguza watu. Kwa huo mgodi mkubwa wa jirani siwezi kusema, sipo huko. Kwa mgodi wetu huu mdogo ni kweli. Nitakueleza yote kwa utaratibu, kwa sababu nimeona jambo ambalo nikifa bila kulisema itakuwa nimelizika.

Wewe kaka hujawahi kuingia ndani ya mlima. Ukiteremka ngazi za shimo kuu, mwanga wa juu unapungua mpaka unakuwa kama sahani, halafu kama kifungo cha shati, halafu haupo. Kunanuka maji ya zamani na baruti. Kazi yangu ni ya nguzo. Wachimbaji wakisha kupasua mwamba, sisi tunaingia nyuma yao na magogo. Tunasimamisha nguzo mbili, tunalaza gogo la tatu juu yake, kisha tunapigilia kabari kati ya gogo na dari ya mwamba mpaka nguzo zenyewe zilie. Nguzo isiyopigiwa kabari imesimama tu, kama mtu aliyekuja msibani kutazama. Haijabeba kitu. Lakini kwa macho huwezi kuijua, na anayepita chini yake hawezi kujua.

Kazi hii hufanywa na watu wawili wawili, na mwenzangu kwa miaka yote hii ni Nkwabi. Nilikwisha kukutajia jina lake zamani. Ni mtani wetu, wa ule ukoo ambao baba alikuwa akiwaita wezi wa maziwa. Ni mrefu, ana mwanya, na tangu siku ya kwanza tuliyokutana hajawahi kuniita jina langu. Huniita Mjane, kwa sababu anasema ninavyolalamika nafanana na mwanamke aliyefiwa. Mimi humwita Mwizi. Asubuhi hunisalimu kwa kuuliza kama bado sijafa, maana analisubiri sufuria langu alirithi. Watu wa makabila mengine waliotusikia mwanzoni walidhani tutatoana damu. Siku nilipougua malaria, huyo Mwizi ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima alikuwa akiniuliza kwa nini familia yetu huzaa watoto wazito wasio na akili.

Lakini Nkwabi hana kwao. Wazazi wake walikufa, ng'ombe waliisha kwa ukame kabla ya wenu, na ndugu yake mmoja aliuza kilichobaki akahamia upande wa Chato bila kumwambia. Alikuwa akisema kwa kucheka kwamba siku mgodi ukimfukuza itabidi aoe mti. Nilikuwa nacheka naye, ila nilijua.

Basi mwezi uliopita bwana mkubwa alituita sote uwanjani. Tunamwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote, hata gari likikwama hulisemesha hivyo. Alisema, na mnyapara wetu Cornel akatafsiri, kwamba mwamba umekuwa maskini, mafuta ya mashine yamepanda, na kampuni haiwezi kutulisha sote. Nusu wataondoka Jumamosi ya juma linalofuata. Kaka, wanaume wote wale, na nilisikia kuku wa Zipora, mama mpika pombe, akikwaruza mchanga ng'ambo ya boma.

Kwa sisi watu wa nguzo Cornel alitangaza kwamba katika kila wawili atabaki mmoja. Siku chache baadaye aliniita peke yangu nyuma ya stoo. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa anatafuta njia. Aliniambia ana shida ya kuchagua, kwa hiyo nikimpa neno moja tu juu ya Nkwabi, labda hulala kazini, labda huja amelewa, ataandika hilo na mimi nitabaki. Nilimjibu kwamba ni kweli Nkwabi hulala, ila hulala usiku kama watu wote. Cornel hakucheka. Alisema nisijifanye padri, nina watoto na mwaka ni wa njaa. Halafu akasema kama sitaki kusema neno, basi sisi wawili tukubaliane wenyewe, na mmoja amletee jina la anayeondoka kabla ya Jumamosi. Kama hakuna atakayeleta, atatuandika wote wawili.

Nilimweleza Nkwabi kila kitu, hata lile la nyuma ya stoo. Alinisikiliza huku akichonga kabari. Jioni ile tulikwenda kwa Zipora. Palikuwa na watu wengi, kila mtu na mwenzake wakijadiliana, wengine wakigombana, wengine wameinamia vibuyu vyao tu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Nkwabi kwamba niondoke mimi, maana mimi nina kwangu hata kama ni pakavu. Kabla sijafungua mdomo, alisimama akatangaza kwa sauti ya kuchezea:

"Jamani, nimeamua. Naondoka mimi. Huyu Mjane hawezi kutembea mpaka Tinde, atafia njiani na mazishi yake yataniangukia mimi."

Watu walicheka, nami nikacheka. Kwetu wewe unajua, mtani akirusha hurushiwa. Sikufikiri. Nkwabi alikuwa na blanketi jekundu, zito, alilonunua kwenye duka la Mhindi pale Geita mwaka ule kazi ilipokuwa nzuri. Kambi nzima ililijua, maana yale tunayopewa na kampuni ukiyainua unaona nyota. Nami nikamrudishia papo hapo:

"Nenda, Mwizi, nenda salama. Ila niachie hilo blanketi lako."

Zipora alicheka mpaka akashika mlango. Nkwabi alinitazama, akatikisa kichwa, akasema sawa, kisha akanywa. Nilidhani mchezo umeishia hapo, na kwamba mazungumzo yenyewe tutayafanya kesho yake. Kesho yake Cornel alimhamishia zamu nyingine, nikirudi kulala yeye yuko shimoni, na kesho kutwa vilevile. Nikajiambia Jumamosi bado.

Jumamosi tuliteremka kama kawaida. Tulikuwa tunaweka nguzo katika handaki la mashariki, ambalo ni jipya na dari yake ni mbaya, mwamba wenye mistari mistari kama nyama ya ng'ombe aliyezeeka. Mchana kengele ililia kabla ya saa yake. Tuliambiwa sote tupande na wanaosomwa majina warudishe taa zao. Tuliacha kazi pale pale ilipofika, nyundo chini, nguzo safu nzima zimesimama bila kabari.

Nilisimama uwanjani nikingoja jina langu, kwa kuwa hatukuwa tumepeleka jina na nilidhani tutaandikwa wote. Cornel akasoma la Nkwabi. Nikangoja langu. Hakulisoma. Akapita kwa wengine, akakunja karatasi. Nilimtafuta Nkwabi kwa macho, nikamwona yuko dirishani pa stoo anarudisha taa yake, anamtania karani kwamba aitunze vizuri maana ni ya ukoo.

Nilikimbia kwenda nyumbani kwetu kambini. Kaka, juu ya kitanda changu niliona lile blanketi jekundu. Lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama linavyokunjwa dukani. Kitanda chake kilikuwa kitupu, kamba tu.

Alipoingia nilimshika shati. Nilimwambia yale yalikuwa matani, mtu mzima hawezi kuacha kazi kwa matani. Nilimwambia nakwenda kwa Cornel sasa hivi. Alinitoa mikono taratibu, akaonyesha mwanya wake, akasema:

"Uliniomba mwenyewe, mbele ya watu. Ukoo wetu hatujapata kumnyima mtani kitu. Unataka nianze mimi?"

Hata hivyo nilikwenda. Cornel aliniambia Nkwabi alimletea jina lake asubuhi ile ile iliyofuata baada ya pombe, na karatasi imekwisha kutiwa sahihi na mzungu. Aliniambia nirudi nikalale. Sikulala. Nilijinyoosha tu juu ya kamba za kitanda, na blanketi likalala mezani.

Sasa sikiliza lililofuata. Waliofukuzwa walipewa mpaka Jumatatu kuondoka kambini. Nasi tuliobaki tuliambiwa Jumatatu tutaingia handaki la mashariki kutoa mawe, kwa sababu ndilo lenye dhahabu kidogo iliyobaki. Nilimkumbusha Cornel kwamba kule nguzo hazina kabari, na zipo sehemu hazina hata magogo ya juu. Alisema watu wa nguzo tuliobaki ni wachache, kubeba magogo yale kutachukua siku nyingi, na bwana anataka mawe. Tutaweka mbili tatu, alisema, tutapita kwa haraka. Hakunitazama usoni aliposema hivyo. Yeye mwenyewe angekuwa chini ya dari hiyo hiyo pamoja nasi.

Sijui nani alimwambia Nkwabi. Labda ni mimi, nilivyokuwa nikilalamika.

Jumapili baada ya sala nilisikia ngoma. Wewe uliyekuwa ukiipigia elika yetu, kile kikundi chetu cha kulimiana mashamba kule Tinde, kabla mkono wako haujaumia, ungeitambua tangu pigo la kwanza. Haikuwa ngoma ya kuchezea. Ilikuwa ya kulimia, ile ya kuwaweka watu kwenye mstari wa majembe. Nilitoka nje. Walikuwa wanakuja kutoka upande wa mabanda, waliofukuzwa wote, Wasukuma mbele na nyuma yao watu wa makabila mengine ambao elika wameijulia hapa hapa, wawili wawili, na kila wawili wana gogo mabegani. Mbele yao Jilala, yule wa winchi ambaye naye alifukuzwa, amening'iniza ngoma shingoni. Na Nkwabi kando yake na nyundo.

Askari wa getini alifunga geti. Bwana Taratibu alipoona umati na ngoma alidhani ni mgomo. Alijifungia ofisini, akamtoa Cornel kwa mlango wa nyuma aje kuuliza wanataka nini. Ngoma ikanyamaza. Nkwabi alisema, na hapo hakuwa anatania, ndiyo mara ya kwanza kumsikia hivyo:

"Mwambie tumeliacha shamba katikati ya mstari. Tunakwenda kumaliza, halafu tunakwenda zetu."

Cornel alikwenda, akarudi. Bwana anauliza nani atawalipa. Watu walicheka. Nkwabi, ambaye sasa alikuwa amerudi kuwa Nkwabi, akasema mwambie asiogope, elika hulipwa kwa pombe, na ya Zipora tumeshainywa. Cornel akaenda tena. Tuliona pazia la ofisi likifunuka kidogo. Mwishowe bwana alitoka kizingitini, akawatazama muda mrefu wale watu aliowafukuza na magogo yake mabegani mwao, na inaonekana alitafuta maneno akayakosa, akasema tu, "Taratibu." Watu walicheka kiasi kwamba gogo moja lilianguka likakosa mguu wa mtu kidogo tu.

Askari akafungua geti, lakini winchi haikuwashwa. Wala hawakuwa na taa, walikwisha kuzirudisha. Basi sisi tuliobaki, bila kuambizana, tulikwenda kuchukua zetu tukatangulia ngazini. Kila mmoja alisimama kwenye kipande chake cha ngazi akaangaza, mmoja chini ya mwingine, kutoka juu mpaka chini kabisa. Magogo yalishushwa kwa kamba. Watu waliteremka katikati yetu. Mimi nilikuwa karibu na chini, nikainua macho, nikaona mstari wa taa unaopanda mpaka pale ambapo mchana ni kama kifungo, na vivuli vya wanaume vinateremka ndani yake. Miaka yote nimeteremka shimo lile nikiliona kama koo la mnyama. Siku ile nilivua kofia.

Halafu ngoma ikaanza chini.

Kaka, juu ya ardhi ngoma inapiga na sauti inakwenda zake porini. Chini haina pa kwenda. Iligonga ukuta ikarudi, ikakutana na pigo lililokuwa nyuma yake, mpaka sikujua tena Jilala yuko upande gani. Niliihisi kwenye meno. Niliihisi kwenye ngazi ya chuma niliyoishika. Ulikuwa ni mlima unaitikia. Kwanza niliogopa, kwa sababu vumbi lilianza kudondoka kutoka kwenye dari yenye mistari, nikafikiri tutazikwa sote na ngoma yetu. Lakini walikuwa wameshajipanga. Wanaobeba walibeba, wanaoinua waliinua, na wenye nyundo walipiga kabari kwa pigo la ngoma, wote pamoja, kama majembe yanavyoshuka pamoja shambani. Na waliimba zile nyimbo za kumkejeli mvivu anayebaki nyuma ya mstari. Mvivu mwenyewe nilikuwa mimi. Waliimba kwamba mlima umembakiza Mjane kwa kuwa hata mawe yanapenda kitu laini cha kukalia. Nilikuwa nimeshika taa, machozi yananitoka, nacheka.

Nguzo zilianza kulia moja baada ya nyingine kadiri kabari zilivyoingia. Na vumbi lililokuwa linadondoka likapungua, likapungua, likaacha. Tuliliona likiacha. Hata Jilala alinyamazisha ngoma, tukasimama tukitazama juu. Dari ilikuwa imeshikwa.

Nkwabi alipita akigonga nguzo zote kwa kiganja, kama mtu anayewapiga ng'ombe wake mgongoni wakiingia zizini, kisha akasema twendeni, na wakapanda. Jumatatu walitawanyika. Wengine walielekea Mwanza, wengine makwao, wengine hawakujua. Nkwabi alihamia kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Zipora akingoja lori.

Sisi tuliingia handaki la mashariki. Alhamisi ya juma hilo, karibu na chakula cha mchana, nilisikia sauti kama mtu anayevunja muhogo mkavu mbali. Kisha karibu. Wachimbaji waliacha kazi. Taa zilipoinuliwa tuliona magogo ya juu yamejipinda katikati, na maji ya mti yanatoka kwenye nyuzi zake kama jasho. Mlima wote ulikuwa umekaa juu yake. Cornel alikuwa pamoja nasi. Alitaka kusema kimbieni, sauti haikutoka, na labda ni heri, kwa maana tungekanyagana. Tulitoka kwa kutembea. Tulipita chini ya kila nguzo, na kila nguzo ilikuwa inalia, nami nilikuwa nazitambua, hii Nkwabi aliipigilia, hii ni ya yule Msumbwa mfupi, hii kabari yake aliichonga mtu ambaye sasa yuko njiani hana kazi. Nilizigusa nikipita. Sikujua jambo lingine la kufanya.

Tulifika ngazini, tukajihesabu kwa majina, tupo wote. Tulipanda. Wa mwisho wetu alikuwa amekwisha kuweka mguu juani ndipo tukasikia chini kitu kama ngurumo inayotoka mahali pasipo na mawingu, na pumzi ya vumbi ikapanda shimoni ikatufunika. Handaki lote lilikuwa limekwenda. Lilitungoja, kaka. Nimelitafutia neno lingine tangu siku ile na sijalipata. Lilishikwa mpaka tukatoka, ndipo likaachia.

Cornel alikaa chini kwenye udongo na nguo zake za kazi. Baadaye akainuka akaenda kwa Zipora. Zipora mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema mnyapara alisimama mlangoni mwa kile kibanda, mzee mzima, akamwambia Nkwabi, ambaye angeweza kuwa mwanawe, "Shikamoo." Nkwabi akamjibu marahaba mjukuu wangu, na waliokuwepo wakacheka. Cornel hakucheka. Alingoja wamalize, akainamisha kichwa, akaenda zake. Alijaribu kumwombea arudishwe kazini. Kampuni ilikataa. Sasa hata sisi tuliobaki tunaambiwa labda ni mpaka Pasaka tu, na mimi sitashangaa.

Nami nilikwenda kumshukuru Nkwabi, nikashindwa. Nilipofungua mdomo tu aliniambia nisimletee msiba wangu, hajanywa chai. Mtani huwezi kumshukuru, anakugeuzia. Nilimrudishia blanketi akalitupa mlangoni akasema kitu alichokwisha kumpa Mjane kina chawa. Nikarudi nalo. Nilikaa nikiwaza usiku na mchana, mpaka nikasikia anakusudia kupitia Kahama na Tinde kwenda Shinyanga, kutafuta kazi kwenye viwanda vya kuchambua pamba, ambako nimesikia pia wanapunguza watu. Hapo ndipo nilipopata akili.

Nilimwendea nikamwambia nina barua ya kaka yangu na kifurushi cha mama yangu, kanga na sukari nilivyoshonea ndani ya gunia, naye ni lazima anibebee. Alilalamika sana kwamba ukoo wetu umemfanya punda. Lakini nilikuwa nimemwomba mbele ya Zipora, na mbele ya watu. Akachukua.

Kaka, inua macho kidogo. Huyo mrefu mwenye mwanya, aliyekaa hapo kwenye kiti chenu na ambaye pengine amekwisha kumtania mama juu ya upishi wake, ndiye Nkwabi. Hajui kusoma na hajui nilichoandika. Kwa sababu yake mdogo wako yuko hai, na Klara si mjane wa kweli.

Sasa sikia ninachotaka. Ukimpa shukrani atasimama aondoke. Ukimpa kitu atakataa. Usimpe. Mwombe. Waite mama na Klara na majirani waliopo karibu, iwe mbele ya watu, halafu umwambie kwamba mtani wake Stanslaus anamwomba amlimie shamba lake la mbugani, lile aliloniachia baba, kuanzia minyaa mpaka njia ya ng'ombe, na ajenge hapo, na akae. Mwambie namwomba. Atatukana, atasema shamba lenyewe ni bovu kama mwenyewe, mwache aseme. Akimaliza, mwulize ukoo wao ulianza lini kumnyima mtani.

Klara namwomba radhi kwa kugawa shamba analolilima yeye bila kumwuliza kwanza. Upande wa kisima ubaki wake, na neno lake juu ya mpaka ndilo la mwisho. Nafikiri akijua mambo yalivyokuwa hatanikasirikia. Na mimi nikirudi, Pasaka au kabla, nitalima kando ya huyo Mwizi, maana nimekwisha kuzoea kupiga nyundo upande wake wa kulia.

Unisalimie wote: mama, shemeji, Limi, Januari wangu na dada yake, na mzee Mageni kama bado anauliza habari zangu. Mungu awape mvua. Wabeja, kaka, kwa kila jambo unalonifanyia.

Akisha kukubali, fungua kifurushi. Ndani hamna kanga wala sukari, mama anisamehe. Ni blanketi lake. Mtandikie mwenyewe, kwa maana usiku mbugani kuna baridi.

Ni mimi mdogo wako anayekuheshimu,
Stanslaus, Baba Januari.